Yangeyange na Ng'ombe: Je, Kweli Hakuna Anayedhurika?



Wapendwa waamini, mtu anayepita asubuhi kando ya malisho ya Tarime, au katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mugumu, huona jambo ambalo kwa mazoea hatulitazami tena. Ng'ombe wanakula majani, na miguuni mwao wanatembea ndege weupe wenye midomo ya njano, wakinyakua panzi. Ndege hao ni yangeyange. Ng'ombe hawawafukuzi, wala hatuwezi kusema wanawakaribisha. Ng'ombe akisogea, ndege naye husogea. Ng'ombe akilala kucheua, ndege huruka kumtafuta mwingine anayetembea.

Tumo katika Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, ambacho Kanisa huadhimisha kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Tumeona ni vema kueleza uhusiano huo wa ndege na ng'ombe, kwa sababu uko karibu mno na neno moja tunalolisikia sana katika Jumuiya, mnadani, na hata katika maongezi ya baada ya Misa, yaani neno "haidhuru". Anayeswaga mifugo kuvuka mpaka wa hifadhi usiku husema majani ni ya Mungu na hakuna anayedhurika. Anayetega waya kichakani husema nyumbu ni wengi, akipungua mmoja haidhuru. Kabla ya kumhukumu anayesema hivyo, ni haki kwanza tuulize ni lini maneno hayo huwa kweli. Maana kuna mahali ambapo ni kweli kabisa, na yangeyange ni shahidi.

Wataalamu wa elimu ya viumbe huita uhusiano wa namna hii komensalizimu: kiumbe mmoja ananufaika, na mwenzake hapati faida wala hasara. Neno hilo lilienezwa katika miaka ya 1870 na Pierre-Joseph van Beneden, Mbelgiji aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, ambaye mwaka 1875 alichapisha kitabu kuhusu wanyama wanaokula pamoja na wanyama wanaoishi kwa kunyonya wengine. Sisi tuliopitia Kilatini seminarini hatupati shida kulitambua shina lake. *Mensa* ni meza, na ubao wa juu wa altare zetu huitwa kwa jina hilohilo hadi leo. Basi kwa Kiswahili tunaweza kuuita uhusiano huo ushirika wa meza. Van Beneden aliutenga na uhusiano wa mdudu anayemnyonya mwenyeji wake, kama kupe afanyavyo, na pia na uhusiano wa viumbe wanaosaidiana, kama nyuki na ua, ambapo mmoja hupata nekta na mwingine huchavushwa.

Turudi kwa yangeyange. Ng'ombe anapotembea, kwato zake huwashtua panzi, nzige, na hata vyura waliojificha katika majani. Ndege anayemfuata hupata chakula kingi zaidi kwa hatua chache kuliko mwenzake anayewinda peke yake. Watafiti wamewahesabia hatua na matonge, na jambo hilo limethibitika katika nchi mbalimbali. Wakati wa kulima, ndege haohao huyafuata majembe ya kukokotwa na ng'ombe, wakiokota mabuu yanayofunuliwa na udongo unaopinduliwa. Wamefanikiwa sana kwa maisha haya. Asili yao ni huku Afrika na maeneo ya jirani, lakini mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamekwisha kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mabawa yao wenyewe hadi Amerika ya Kusini, wakakuta huko ng'ombe walioletwa na wanadamu, na leo wameenea sehemu kubwa ya bara lile.

Wafugaji wetu wengi husema kwamba yangeyange huwalipa ng'ombe kwa kuwatoa kupe. Tunasikitika kuwaharibia hadithi nzuri, lakini waliochunguza matumbo ya ndege hawa walikuta zaidi panzi na wadudu wengine wa majanini. Kupe huwa wachache. Mfugaji asiache josho kwa kutegemea yangeyange. Ndege anayefanya kazi ya kupe kweli ni shashi, yule wa rangi ya kahawia anayeng'ang'ania mgongoni mwa ng'ombe, nyati na twiga. Na hata huyo ana mambo yake, kwani hupenda pia damu na hudonoa vidonda visipone. Utafiti mmoja uliofanywa Zimbabwe na kutolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba maksai waliozuiwa wasifikiwe na shashi hawakuzidi kuwa na kupe kuliko wenzao, na vidonda vyao vilipungua. Aliyedhaniwa tabibu alikuwa nusu mnyonyaji. Kwa hiyo, kujua nani anamfaa nani si jambo la kukisia kwa macho.

Ng'ambo ya mpaka, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951, ushirika wa meza umejaa kila upande. Muhanga huchimba shimo usiku akitafuta mchwa, kisha huhama. Ngiri huja akaingia kinyumenyume na kulala humo na watoto wake, salama dhidi ya simba. Muhanga hapungukiwi na kitu kwa shimo aliloliacha. Kichuguu kilichohamwa na mchwa huwa makao ya nguchiro, na juu yake nyamera husimama kuchungulia adui. Simba akishiba, fisi na tumbusi humaliza. Kuhusu tumbusi tungependa tuseme zaidi kidogo, maana wanadharauliwa. Mtafiti David Houston, aliyewachunguza Serengeti katika miaka ya 1970, alieleza kwamba tumbusi hula nyama nyingi kuliko wanyama wala nyama wote wa hifadhi wakijumlishwa pamoja, kwa sababu nyumbu wengi hufa kwa njaa, maradhi na maji, si kwa meno ya simba. Bila ndege hao mizoga hiyo ingekaa muda mrefu zaidi ikioza. Hata hivyo, mfugaji aliyeliwa ndama na fisi hutia sumu katika mzoga, na fisi mmoja akifa, makumi ya tumbusi hufa naye. Tangu mwaka 2015 aina mbili za tumbusi walio wengi katika nyika yetu zimewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Mtunga Zaburi, katika Zaburi ya 104, aliyaona mambo haya mapema kuliko sisi. Anamsifu Mungu kwa ndege wanaojenga viota katika mierezi na kwa pimbi wanaojificha katika miamba. Mwerezi haukupandwa kwa ajili ya ndege peke yao, wala ndege hawaulipi kodi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika namba 339 na 340, inafundisha kwamba kila kiumbe kina wema wake chenyewe, na kwamba Mungu amependa viumbe vitegemeane, kisiwepo kinachojitosheleza. Baba Mtakatifu Fransisko alilikazia fundisho hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Kumbe kupokea bila kulipa si aibu katika uumbaji, na wala si wizi. Sehemu kubwa ya viumbe huishi hivyo, na sisi wenyewe hatumlipi mtu kwa hewa tunayovuta.

Lakini ushirika huu una jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: haudumu katika hali ileile. Tutazame mti wenye viota vya yangeyange. Jozi chache za ndege haziudhuru mti. Wakiwa mamia, msimu baada ya msimu, kinyesi chao huunguza majani na kuharibu udongo wa chini, na mti unaweza kukauka. Au tutazame baadhi ya miti ya jamii ya mkuyu. Ndege hudondosha mbegu juu ya tawi la mti mwingine, mche mdogo huota pale juu, na kwa miaka mingi mti mwenyeji hauhisi lolote. Kisha mizizi huteremka ikizunguka shina, hugusa ardhi, hunenepa na kukutana, na mwishowe mwenyeji hufa akiwa amekumbatiwa. Ukiuliza mwaka wa kwanza, utajibiwa kwa haki kwamba haidhuru. Jibu la mwaka wa arobaini litakuwa jingine.

Na wakati mwingine jambo linaonekana la amani kwa sababu tu hatujapima. Mwaka 1971 mtafiti Richard Bell alieleza mpangilio wa wanyama wanaohama Serengeti: punda milia hutangulia wakila mabua marefu, nyumbu hufuata, kisha swala tomi hula majani mafupi yanayochipua nyuma yao. Kwa miaka mingi maelezo haya yalifundishwa kama mfano wa anayetangulia kumwandalia meza anayefuata, naye asipungukiwe. Utafiti mpya uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science, uliotumia kamera na vifaa vya kufuatilia wanyama, umeonyesha kwamba nusu ya hadithi ni hivyo. Swala kweli hufuata kwa sababu wananufaika. Bali punda milia hutangulia kwa kiasi kikubwa kwa sababu kundi kubwa la nyumbu linalokuja nyuma linawasukuma, wakikawia watakosa chakula. Macho yetu yaliona ukarimu mahali palipokuwa na msukumano.

Hapa ndipo Maandiko Matakatifu yanapotusaidia kwa namna ya ajabu. Mwishoni mwa sura ya 23 ya Kumbukumbu la Torati kuna sheria fupi ambayo si wengi tunaikumbuka. Mtu akiingia katika shamba la mizabibu la jirani yake, anaruhusiwa kula zabibu hadi ashibe, ila haruhusiwi kutia hata moja katika chombo chake. Akiingia katika shamba la nafaka, anaruhusiwa kukwanyua masuke kwa mkono, ila asipeleke mundu. Ni sheria hii iliyowapa wanafunzi wa Yesu ruhusa ya kuvunja masuke walipoona njaa, kama anavyosimulia Mwinjili Mathayo katika sura ya 12. Mafarisayo waliwashutumu kwa sababu ya Sabato, hawakuwashutumu kwa wizi. Na ni kwa sheria ya jirani nayo, ile ya kuwaachia maskini na wageni masazo ya mavuno, kwamba Ruthu Mmoabu aliokota masuke katika shamba la Boazi.

Tunaomba tuangalie busara ya mpaka huo. Torati haikusema usiguse, wala haikusema chukua upendavyo. Mkono una kipimo chake: unashika kidogo, unachoka, na tumbo likijaa unakoma. Mundu hauna tumbo. Chombo nacho hubeba ambacho leo hakihitajiki. Anayekula kwa mkono yuko mezani pamoja na mwenye shamba. Anayekuja na mundu amehamisha meza. Yangeyange ana mdomo mmoja tu, na hiyo ndiyo sababu ng'ombe hadhuriki.

Tuseme sasa wazi kuhusu waya. Kila mwaka, takriban kati ya Julai na Oktoba, nyumbu hufika kaskazini mwa Serengeti, Kogatende na Lamai, jirani kabisa na vijiji vya Tarime, na kabla ya hapo wengi hupita ukanda wa magharibi karibu na mto Grumeti. Ni zaidi ya milioni moja. Mbele ya wingi huo, mtu mwenye watoto wanaodaiwa michango ya shule huona waya mmoja kuwa si kitu. Tunaielewa njaa hiyo, na Katekisimu yenyewe, namba 2408, inakiri kwamba katika dharura iliyo dhahiri, ambapo hakuna njia nyingine ya kupata mahitaji ya lazima kama chakula, kuchukua mali ya wengine hakuhesabiwi kuwa wizi. Lakini waya si mkono. Waya haumchagui nyumbu. Hunasa pia twiga, pundamilia mwenye mimba, simba na tembo mchanga. Mtegaji anayetega mingi huenda asirudi kuangalia yote, na iliyosahauliwa huua bila kumlisha mtu yeyote. Tena nyama nyingi haiishii katika sufuria ya mwenye njaa. Hukaushwa, hupakiwa na kuuzwa mbali. Hicho ndicho chombo ambacho Torati ilikikataza. Watafiti hukadiria kwamba nyumbu wanaouawa kwa njia hizi katika mfumo mzima wa Serengeti hufikia makumi ya maelfu kwa mwaka. Kila aliyetega alikuwa na sababu ya kudhani kwamba wake ni mmoja tu.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Tembo wanaotoka hifadhini na kumaliza shamba la mahindi au mtama la mjane katika usiku mmoja si washiriki wa meza. Mjane yule amedhurika, na kumwambia avumilie kwa ajili ya watalii ni kumwongezea jeraha. Na wale wanaochuma fedha nyingi kutokana na mandhari hii, kijiji kikabaki na vumbi la magari, wajiulize kama nao hawakuja na mundu. Sheria ya mkono haikuandikwa kwa ajili ya maskini pekee.

Kuna historia mbili za nchi yetu hii zinazoonyesha jinsi tulivyofungamana na wanyama wa porini hata pale tunapodhani hatugusani. Ya kwanza ni ya sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha, na wafugaji wakafa njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Ng'ombe wa vijijini walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka pia kwa wanyamapori, ambao hakuna aliyewachoma sindano, na mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamevuka milioni moja. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa huru na sotoka. Wazee wetu waliopeleka ng'ombe kwenye chanjo walikuwa wakiokoa mifugo yao. Hawakujua kwamba nyuma ya mgongo wao wanajaza nyika. Huo ni ushirika wa meza uliotokea kwa mikono ya wafugaji, na tungependa usimuliwe mara nyingi zaidi kuliko unavyosimuliwa.

Ya pili ni chungu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa kifafa na kufa. Karibu theluthi moja ya simba wote wa hifadhi, takriban 1,000, walikufa. Ilikuwa ni distempa, ugonjwa wa mbwa, na watafiti waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Hakuna mwanakijiji aliyemtakia simba mabaya kwa njia hiyo. Mbwa alilinda zizi, akala mabaki, akazurura, akakutana na fisi au mnyama mwingine, na virusi vikasafiri. Kama siku ile tungemuuliza mwenye mbwa asiyechanjwa, angetujibu kwa moyo mweupe: haidhuru.

Tangu wakati huo mbwa wa wilaya zinazozunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa katika kampeni mbalimbali, dhidi ya distempa na dhidi ya kichaa cha mbwa, ambacho bado kinaua watoto wetu. Tarehe 28 Septemba, ndani ya Kipindi hiki cha Kazi ya Uumbaji, ni siku ya kimataifa ya kupambana na kichaa cha mbwa. Tunawaomba wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo wawaulize maofisa mifugo wa kata zao kuhusu tarehe na mahali pa chanjo, na watangaze mapema ili watoto wapate muda wa kuwatafutia mbwa kamba. Katika mikutano ya Jumuiya ya juma hilo tusome pamoja aya za mwisho za Kumbukumbu la Torati sura ya 23, na sura ya pili ya Kitabu cha Ruthu. Kisha kila familia itaje kitu kimoja inachokichukua bila kulipa, kutoka mtoni, msituni, kwa jirani au porini, na wanajumuiya wenzao waisaidie kuona kama inakichukua kwa mkono au kwa mundu. Pale ambapo Jumuiya itashindwa kukubaliana, makatibu waandike jambo hilo na kulileta parokiani.